Naomba ushauri: mtoto wa mbwa aliyeokolewa mtaroni, tumfuge?

Mama Wawili, Tabata: Habari zenu ndugu zangu. Wakati wa mvua za wiki iliyopita wanangu walirudi nyumbani na mtoto wa mbwa waliyemtoa mtaroni, akiwa amelowa, mwili umejaa viroboto na tumbo limemvimba. Analala uani ndani ya boksi la sabuni, na watoto wameshampa jina. Mimi na baba yao tungependa kumfuga, lakini tumepanga, na ua tunautumia pamoja na majirani ambao ni Waislamu. Tena jana alimng'ata mwanangu wa miaka minne kidole wakicheza, damu kidogo ikatoka. Naombeni ushauri wenu.

Daktari wa Mifugo: Dada, tuanze na hicho kidole, mengine yanaweza kusubiri. Osha jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama limeanza kukauka, kisha mpeleke mtoto hospitali leo hii na ueleze kwamba mbwa ameokotwa na historia yake haijulikani, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, ilhali chanjo ikitolewa mapema humkinga. Usidanganyike na udogo wa mbwa mwenyewe. Msimfukuze wala kumuua. Mfungieni mahali salama ili mtaalamu amchunguze.

Tumbo kuvimba kwa mbwa wa umri huo mara nyingi ni minyoo, ambayo mayai yake humwambukiza hata mtoto anayecheza kwenye udongo wenye kinyesi. Daktari atakadiria umri wake kwa kutazama meno, atampa dawa ya minyoo itakayorudiwa kila baada ya wiki mbili hadi atimize miezi mitatu, na atampangia chanjo ya kichaa pamoja na ile ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Akianza kutapika na kuharisha damu, msisubiri kupambazuke. Dawa ya viroboto iwe ya watoto wa mbwa, kwani ile ya ng'ombe inaweza kumuua.

Mpangaji Mwenzio: Je, mwenye nyumba anajua? Mwambie kabla hajasikia kwa wengine.

Bint Salum: Mimi ni Muislamu na nimewahi kuishi ua mmoja na mbwa. Kinachotutia shaka hasa ni mate yake, maana katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nenda mwenyewe ukazungumze nao, usiwatume watoto. Waeleze kwamba atakuwa na banda upande wenu, na hataachiwa kuzurura karibu na mabomba, kamba za nguo wala mikeka ya kuswalia. Jirani aliyeombwa rai mapema hana sababu ya kununa.

Mama Wawili, Tabata: Ahsanteni sana. Tumetoka hospitali, mtoto ameanza chanjo. Mwenye nyumba amekubali kwa sharti la banda. Je, huyu mbwa nimpe maziwa ya ng'ombe?

Daktari wa Mifugo: Hapana, yatamharisha. Mpe uji mzito wa dagaa waliosagwa au ugali laini wenye nyama, kidogo kidogo mara nne kwa siku, bila kitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa, na maji safi yasimkosekane.