Soksi gani zinazuia malengelenge? Visigino vyangu vimeisha

soja_wa_geti
Wadau habari zenu. Nilianza kazi ya ulinzi mwezi uliopita huku Section 58, Nakuru, natoka Kaptembwa kwa mguu kuokoa nauli halafu nasimama na kuzunguka ploti masaa kumi na mbili. Kazini walinipea buti nyeusi, soksi nikajinunulia zile za pea tatu mia, za pamba, nikijua pamba si ndio nzuri kwa ngozi. Wiki ya kwanza lengelenge kwa kisigino likapasuka, ya pili lingine kwa kidole kidogo, sasa natembea kama kuku ametolewa kwa gunia. Mwenzangu akaniambia vaa pea mbili, nikavaa, ikawa mbaya zaidi. Shida ni soksi ama ni buti? Na nikienda soko niangalie nini, maana mshahara bado na buti zingine siwezi.

mtu_wa_njoro
Pole ndugu, hiyo pamba ndio imekuuza. Pamba ikikunywa jasho haitoi, inakaa na maji hapo hapo, ngozi inalainika kama ya mtu ameshinda akifua, halafu buti inavuta soksi na soksi inavuta ngozi, ya juu inaenda ya chini inabaki, katikati panajaa maji. Mimi nilifunzwa na mlima Longonot. Kilele ni mita 2,776 lakini kupanda sio kitu, ni ile njia ya kuzunguka mdomo wa krateri, vumbi laini kama unga, likiingia kwa raba likutane na jasho ni msasa kabisa. Nilishuka nimeshika raba mkononi watu wakinicheka. Siku hizi navaa soksi nyembamba ya polista ndani na ya sufu juu, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe ngozi inaachwa. Lakini hiyo ni kama kiatu kina nafasi. Wewe ulivaa mbili za pamba kwa buti inabana, ulijifinya tu.

mzee_wa_kijiji
Babu zetu walitoka Kakamega mpaka Kisumu kwa mguu bila soksi na hakuna aliyelia.

mtu_wa_njoro
Mzee shikamoo, hata buti hawakuwa nazo.

mama_soksi_kibuye
😂 Kijana wangu usiskize hao, mimi nauza soksi za mtumba hapa soko la Kibuye, Kisumu, nikuambie vile unachagua. Kwanza geuza ndani nje, pitisha kidole kwa mshono wa vidole, ukisikia umevimba kama kamba rudisha, huo ndio unakula kidole kidogo. Pili angalia kisigino, soksi nzuri imeshonwa na mfuko wa kisigino, zile za saizi ya kila mtu kisigino kinapanda mpaka kwa kifundo na huku chini kitambaa kinajikunja, na mkunjo ni lengelenge. Ivute uiachilie, isiporudi ni mzee huyo. Lebo ikiwa imetoka chomoa kauzi kadogo uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi inabaki majivu, sufu inanuka nywele, nailoni na polista zinayeyuka zinakuwa kashanga kagumu. Wewe unataka kanuke nywele ama kayeyuke. Lakini nunua kwanza ndio uchome, ukichomea kwa meza yangu nitakukimbiza.

nesi_kakamega
Ile imepasuka osha na sabuni na maji safi, kausha, funika na plasta, usiweke dawa ya meno wala poda juu ya kidonda. Ndogo ambayo haijapasuka iache. Kama ni kubwa na inauma, nawa mikono, pangusa sindano na spiriti, toboa pembeni maji yatoke, ile ngozi ya juu usiivue hiyo ndio kifuniko. Mwenye sukari asijaribu sindano kabisa, aende hospitali. Hata wewe ukiona wekundu unasambaa ama usaha, nenda. Na beba soksi kavu ubadilishe katikati ya shifti, na kamba funga mpaka tundu la juu kabisa, watu wengi huziacha kisigino kinapanda na kushuka siku nzima.

soja_wa_geti
Nimerudi. Nilichoma uzi wa zile zangu, karatasi tupu. Na kamba kweli nilikua naacha matundu mawili ya juu ndio nivue haraka nikifika nyumbani 🙈 Nimepata pea mbili za sufu na nailoni, mia na hamsini kila moja, moja navaa moja iko kwa mfuko wa jaketi. Siku ya nne leo, hakuna lengelenge jipya, la kisigino linakauka. Sasa shida ni moja, ni za kijani na supavaiza anataka nyeusi.

mama_soksi_kibuye
Nyeusi nafungua robota Jumapili. Niandikie namba ya kiatu kwa inboksi, nitakutumia na matatu za Nakuru.

soja_wa_geti
Nane, mama. Asante sana.