Baada ya kustaafu: je, nimtafute mwenzangu wa gitaa?

Mstaafu wa Magomeni:
Ndugu zangu, nilistaafu kwa mujibu wa sheria nilipotimiza miaka 60, baada ya utumishi wangu wote kupita katika uhasibu wa shirika moja la umma. Simu iliyokuwa ikiita tangu alfajiri imenyamaza, na wachache wanaonitafuta huanza kwa kunijulia hali, wakamalizia kwa kuulizia mafao. Siwalaumu sana, kwa kuwa wengi wao tulikutanishwa na majalada, na majalada yamebaki ofisini.

Kinachonisumbua ni kingine. Ujanani nilipiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya mtaani, enzi ambazo wapenzi wa muziki wa dansi wa jiji hili la Dar es Salaam waligawanyika kati ya bendi za Msondo na Sikinde, na kijana aliyekuwa akinipigia ridhimu ndiye rafiki pekee ambaye hakuwahi kunihitaji kwa ajili ya cheo. Anaishi Mbagala. Nasita kumwendea, kwa sababu mstaafu akibisha hodi ghafla watu hudhani amekuja kukopa. Ninyi mlianzia wapi? Na je, kwa vidole vilivyokakamaa namna hii, gitaa lina maana tena?

Mzee wa Baraza, Temeke:
Mzee mwenzangu, nenda, tena ulibebe hilo gitaa begani. Hakuna anayekwenda kukopa akiwa na gitaa.

Mimi niliokolewa na bao. Barazani kwetu mgeni haulizwi alikuwa nani kazini: husimama nyuma ya wachezaji akatazama, na siku mmoja akikosekana anaitwa akae. Mchezo wenyewe haumwachii mtu nafasi ya kujikweza, kwa maana kete 64 hugawanywa sawasawa, kila mmoja 32: ubaoni 10, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, na mkononi 22 za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Aliyekuwa mkurugenzi na aliyekuwa kuli wa bandarini huanza na akiba ileile. Nimemshuhudia mtu aliyezoea kutoa amri akiilinda nyumba yake kwa ubahili, akiijaza kete juu ya kete, mpaka mpinzani alipoila yote na baraza zima likashangilia. Alinuna. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Urafiki wa namna hii hauhitaji mialiko, na mtu asipoonekana, jioni wenzake wako mlangoni kwake.

Mpenzi wa Dansi, Ilala:
Shikamoo mzee. Kumbuka kwamba NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, ndipo ikawa Msondo Ngoma. Jina la mwajiri lilibadilika kila mara, muziki ukaendelea. Kuhusu vidole, ncha zitauma mwanzoni hadi ngozi ikomae; piga kwa muda mfupi kila siku.

Dada wa Kwaya, Tabata:
Nilikuwa muuguzi, na naona kina kaka mmesahau jambo moja. Mwanamke akistaafu, familia huhesabu kwamba sasa yupo nyumbani, na wajukuu huletwa asubuhi na mapema bila yeye kuulizwa kama ana ratiba. Niliporudi katika kwaya ya usharika, sauti ya pili, nilitangaza kwamba Jumanne na Alhamisi jioni sipo. Wanangu walinung'unika, kisha wakajipanga. Nawe, kaka, panga na mwenzako siku isiyobadilika, la sivyo vikao vya harusi, misiba na foleni ya Barabara ya Kilwa vitawamalizia kila wiki. Na tafadhali usikimbilie kununua spika na vifaa kwa mkupuo wa mafao. Azima kwanza.

Mstaafu wa Magomeni:
Nawashukuru sana. Kijana wangu wa Ilala, marahaba. Nimempigia simu, na jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa afya wala mafao, bali kama bado nina tabia ya kuukimbiza wimbo unapofika kwenye chemko, pale mwendo unapochanganya. Tumekubaliana Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anayemfahamu fundi wa magitaa upande wa Kariakoo au Temeke anielekeze, kwa maana langu limepinda shingo, na nyuzi zimeinuka kiasi kwamba kuzibana ni kazi.