Kaka alishaugua kichocho, sasa anakojoa damu tena. Inaweza kuwa saratani?

Mama Kulwa: Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri. Kaka yangu ana miaka 47, tumekulia Maswa, utoto wetu ni majaruba ya mpunga na kuoga lamboni. Enzi hizo mvulana akikojoa damu hakuna aliyeshtuka, walisema ndiyo anakua. Baadaye alipewa dawa ya kichocho, damu ikakata. Sasa imerudi. Haumii, ila usiku haja ndogo haimpi usingizi. Zahanati wanampa dawa za UTI, anapata nafuu, inarudi. Jirani anasema kichocho cha zamani huleta saratani ya kibofu. Ni kweli au anatutisha? Kwenda Mwanza ni kuuza ng'ombe, na wifi anataka tusubiri.

Mla Michembe: Pole dada. Umri huo ni tezi dume tu. Kuna babu huku anachemsha mizizi, nikupe namba?

Mtu wa Maabara: Mizizi kunywa wewe, Michembe. Mama Kulwa, jirani hajakosea. IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliuweka mnyoo wa kichocho cha mkojo kwenye kundi la visababishi vya uhakika tangu 1994. Mayai yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili unapambana nayo miaka na miaka. Ukuta unavimba, unapata makovu, seli zinakufa na kuzaliwa upya bila kupumzika, na humo ndimo kasoro hujipenyeza. Prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, huua minyoo. Mayai yaliyogandia ndani na makovu ya zamani yanabaki. Wengi waliougua hawapati saratani, lakini mtu wa umri huo akikojoa damu bila maumivu haachwi hivi hivi.

Mama Kulwa: Asante kaka. Sasa aanzie wapi, pesa ya ng'ombe isiishie kwenye nauli?

Mtu wa Maabara: Hospitali ya wilaya. Mkojo autoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Yasipoonekana msishangilie, kibofu kinaweza kuwa kimeshaharibika na mayai hayatoki tena. Apigwe ultrasaundi ya kibofu na figo, kisha aombe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa daktari wa mfumo wa mkojo. Kinachomaliza ubishi ni kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo na kinyama kinachokatwa kwenda kupimwa. Anavuta sigara?

Bint Wete: Dada, uzeni huyo ng'ombe. Mjomba wangu huku Pemba yalikuwa hayo hayo, dawa za UTI msimu mzima. Hadi anapigwa kamera, uvimbe ushaingia kwenye msuli wa kibofu. Wakakitoa. Yuhai, anatumia mfuko wa mkojo, lakini mambo yangeweza kuwa mepesi kuliko hivyo.

Mama Kulwa: Sigara anavuta, tena sana. Wifi kakubali, Jumatatu tunakwenda wilayani. Na wanawe wanaoga lambo lile lile?

Mtu wa Maabara: Sigara aache leo, nayo huleta saratani ya kibofu hicho hicho. Watoto wapimwe. Dawa za kampeni ya kichocho hugawiwa shuleni, watu wazima ndio husahaulika. Na wewe uliyeoga naye lamboni kapime pia. Kwa wanawake mayai hunasa hadi kwenye shingo ya kizazi, na wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa wasiyo nayo.