Kaniulia Wallander wangu huku anatafuna kashata!!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo hadi herufi za simu zinanikimbia. Nimetoka kwenye kikao chetu cha vitabu sasa hivi, hata viatu sijavua, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Jina simtaji. Hana haja ya kutajwa. Ni yule yule. Yule anayekuja na kikombe chake kutoka nyumbani, anayewahi kiti cha karibu na chupa ya chai, na ambaye tangu kikundi kianze hajawahi kuleta hata robo ya sukari. Mliowahi kufika pale hata mara moja mmeshamjua.

Sasa sikilizeni. Leo zamu ya kuzungumza ilikuwa yangu. Nimekwenda na kitabu cha mwisho cha Kurt Wallander, yule mpelelezi wa polisi wa Sweden aliyeandikwa na Henning Mankell, kile cha 2009. Vya nyuma nimevisoma kwa mpangilio, kuanzia kile cha 1991 chenye wale wazee wakulima waliovamiwa usiku shambani kwao, na hiki cha mwisho nilikuwa nakisoma kwa kujinyima, kurasa mbili tatu nafunga, kwa sababu kikiisha ndiyo basi. Mankell mwenyewe tulishampoteza 2015. Nani ataandika kingine?

Nikawaeleza wenzangu nimefika wapi. Mzee kagonga miaka sitini. Kaihama ile nyumba ya Mariagatan, kanunua nyumba shamba nje ya mji wa Ystad, kafuga mbwa, bintiye Linda kampatia mjukuu. Halafu hapo mwanzoni tu kafanya jambo ambalo Wallander ninayemjua mimi asingelifanya: kaenda mgahawani, kanywa, kaondoka kaiacha bastola ya kazi. Kaisahau! Nikasema jamani, mwandishi anatuandalia kitu hapa, naogopa, lakini msiniambie, nataka nifike mwenyewe.

MSINIAMBIE. Nimelisema kwa mdomo wangu huu na kila mtu kasikia.

Ndipo yule mtu, kashata mdomoni, kashata ya nazi, hata hajameza, anasema: "Aah, huyo si anapata Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau? Mwishoni anapotea mazima." Halafu bila kupumua: "Nisogezeeni hiyo chupa."

NISOGEZEENI HIYO CHUPA!!!

Wakuu, kuna watu wametangaziwa misiba kwa adabu kuliko mimi leo. Chembe ya kashata ikamtoka ikatua juu ya jalada, pale pale kwenye jina la mwandishi, na hakuipangusa. Nimeipangusa mimi, kwa ncha ya khanga yangu, huku yeye anamimina chai. Na wale wengine wakasogeza chupa kweli! Hakuna hata mmoja aliyesema "we fulani, vipi?"

Haikutosha. Eti akaongeza kwamba vitabu vya mapolisi wazee wa miji midogo vyote ni kitabu kimoja: mvua, mke kaondoka, sukari imepanda, maiti shambani. Ukisoma kimoja umesoma vyote. Mtu anayesema hivyo hajasoma hata kimoja, kasimuliwa. Mimi nipo na huyu mzee tangu ana miaka arobaini na kitu. Nimemuona akimpoteza Rydberg aliyemfundisha kazi. Nimemuona kisukari kikimkuta hana habari. Nimemuona na babake mkorofi aliyechora picha ile ile maisha yake yote, mara na ndege, mara bila ndege, mpaka wakaenda Roma pamoja wakapatana, na mzee akafa. Ukisoma kimoja utamuona wapi akizeeka?

Angenitajia muuaji nisingekasirika hivi. Naapa! Muuaji ni wa kitabu kimoja, mwezi ujao umeshamsahau. Lile la Wallander ni la vitabu vyote, ndilo nililokuwa nalifuata toka cha kwanza, na limetoka kwenye mdomo uliojaa nazi na sukari.

Nimebeba mkoba wangu nimeondoka bila kuaga. Sirudi pale mpaka aniombe radhi mbele ya watu wale wale. Kashata mdomoni, wakuu. Kashata!

Mla Vumbi: Wa kwanza. Ngoja nivute kiti.

Binti Chumbageni: Pole sana dada yangu. Huyo mtu namjua. Mimi kaniharibia tamthilia nzima ya Kituruki ndani ya daladala, na sikuwa nimemuuliza kitu. Aliona tu naangalia kwenye simu.

Fundi Saa: Mtoa mada, samahani. Mimi nipo kitabu cha tatu. CHA TATU. Nimefungua uzi nikidhani ni utani, sasa hivi najua baba hayupo, kisukari kinakuja, na mwisho Alzheimer. Nieleze taratibu, tofauti yako na mtu wa kashata ni ipi?

Mla Vumbi: Hahahaha! Kwamba yeye hakuwa anatafuna.

Mtoa mada: Fundi Saa, kichwa cha uzi kimeandikwa "kaniulia Wallander". Ulifikiri ndani kuna bei ya mahindi? Mimi nimekuja kulia, sijaja kukusimulia. Na wewe hukuniambia "usiniambie". Mimi NILIMWAMBIA. Kwa sauti!

Fundi Saa: Nilikuwa na chapati mkononi. Imeanguka.

Mzee wa Rufaa: Kwanza Alzheimer haikuanza kitabu cha mwisho. Babake Wallander ndiye alianza kuugua, kitabu cha tano, cha 1995. Alimwambia mwanawe mwenyewe, na ndiyo maana alitaka aione Italia mapema. Msomaji makini pale pale alishaanza kumtazama mtoto kwa jicho jingine. Kwa hiyo bibie huyo mtu hakukuharibia kitu, alikukumbusha tu. Pili, naona watu wanamwita Wallander mkuu wa polisi Ystad. Hakuwahi kuwa mkuu. Mkuu alikuwa Björk, akaja Lisa Holgersson. Wallander ni mpelelezi.

Mla Vumbi: Nani kamwita mkuu?

Mzee wa Rufaa: Watu.

Mtoa mada: Mzee wa Rufaa, shikamoo, lakini hapana. Kuwa na wasiwasi na kuambiwa ni mambo mawili. Wasiwasi mimi nilikuwa nao tangu Roma! Nilikuwa naulea! Nilisoma ile ya bastola moyo unanidunda, najiambia labda ni pombe tu, labda ni uchovu. Ile "labda" ndiyo kitabu chenyewe, na ndiyo aliyoitafuna.

Mpenda Theluji: Dada achana na Wallander, huyo mzee alizaliwa kanuna. Hamia kwa mpelelezi Gamache. Louise Penny alianza kumwandika 2005 na bado anaendelea, huyo ana mke anayempenda, anakula vizuri, anasoma mashairi. Na kijiji chake Three Pines, kule Quebec, Canada, hakipo hata kwenye ramani. Simu hazishiki. Mtu wa kashata hatakufikia.

Mla Vumbi: Hicho kijiji nakijua. Nyumba chache tu, mikate mizuri, duka la vitabu, bibi mshairi anayetembea na bata, na kila kitabu maiti. Kila kitabu! Mpaka leo sijaelewa nani bado yupo hai pale wa kununua mikate.

Mpenda Theluji: Bata anaitwa Rosa, muheshimu.

Kaka wa Forodhani: Nyote mnapoteza muda. Mzee ni mmoja tu, mpelelezi Montalbano wa Sicily. Camilleri kaanza kumwandika 1994, naye mwenyewe alishakaribia sabini, kwa hiyo uzee anaouandika anaujua. Halafu ona alivyo na akili: riwaya ya kumalizia aliiandika mapema, akaikabidhi kwa mchapishaji 2005, ikafungiwa huko. Akafariki 2019, ikatoka 2020. Miaka yote hiyo mwisho upo kabatini na hakuna mtu wa kashata aliyeweza kuupata! Na kila ninapotaka kufurahi na Montalbano nakumbuka tamthilia. Kitabuni ana nywele na masharubu. Kwenye televisheni wametuletea kipara! Sina ugomvi na muigizaji, anajua kazi, lakini mimi nikifungua kitabu sasa naona kipara. Miaka mingi nimeishi na nywele kichwani mwangu, wamezinyoa.

Binti Chumbageni: Kipara kina shida gani? Baba watoto wangu ana kipara.

Kaka wa Forodhani: Baba watoto wako hajaandikwa na Camilleri.

Binti Chumbageni: Mshukuru Mungu niko kazini.

Mtoa mada: Jamani tunaweza kurudi kwenye mada? Mtu kamwaga mwisho wa kitabu, kaomba chupa ya chai. Hakuna anayeona uzito wa hilo?

Ngariba wa Maneno: Mimi hasira yangu ni nyingine kabisa. Huyo Mankell miaka mingi alikuwa akiishi nusu Sweden nusu Maputo, akiongoza ukumbi wa Teatro Avenida. Maputo hapo! Msumbiji na Mtwara tunatenganishwa na mto Ruvuma, lakini kitabu chake ili kinifikie mimi Masasi lazima kipite London, kipandishwe bei, kishuke Dar, kikae kwenye mitumba pale Posta, ndipo mjomba akikumbuka aniletee. Na kikifika ni Kiingereza. Hakuna aliyefikiri kutafsiri kwa ajili ya jirani.

Mla Vumbi: Nani anunue? Wewe mwenyewe unasubiri mjomba.

Sajini Mstaafu: Niseme kama mtu wa kazi. Kwetu hapa hadithi hizi haziandikiki kwa sababu moja: uhamisho. Wallander kazeekea Ystad, anajua hadi nani ana deni kwa nani. Hapa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akianza tu kuijua njia ya sokoni, barua imefika. Leo Lushoto, kesho Kibondo. Utazeekea wapi? Muuaji akisubiri kidogo tu, mpelelezi anayemjua ameshaondoka.

Mzee wa Rufaa: Bwana Msa hakuhamishwa.

Sajini Mstaafu: Bwana Msa hakuwa polisi, mzee wangu. Alikuwa na kiko chake na msaidizi wake Najum, anaingia kwenye kesi anapotaka. Muhammed Said Abdulla aliyemtunga alilijua hilo tangu *Mzimu wa Watu wa Kale*, 1960.

Ngariba wa Maneno: Basi aandikwe balozi wa nyumba kumi. Huyo hahamishwi. Kazaliwa hapo, atazikwa hapo, anajua nani kalala wapi na nani karudi saa nane usiku na gunia. Magoti yanamuuma, miwani imefungwa kwa uzi, lakini ukimwuliza baiskeli ya nani ilipita jana jioni anakutajia na mtu aliyepakiwa nyuma.

Mla Vumbi: Balozi wetu akifika kwenye maiti ataanza na daftari la michango.

Sajini Mstaafu: Ndilo daftari la ushahidi hilo. Aliyechanga kupita kiasi, mwanzie huyo. Sisemi kwa utani, nimewahi kuona.

Binti Chumbageni: Uuuwi. Hii ningeisoma usiku kucha. Ngariba iandike basi!

Ngariba wa Maneno: Nianze vipi wakati kitabu changu cha kujifunzia hakipo? *Mzimu wa Watu wa Kale* yangu kaazima mtu mmoja, mstaarabu tu, anavaa tai. Kila nikikutana naye ananiambia "namalizia". Kitabu chenyewe chembamba! Mtoto wake alikuwa chekechea wakati anakiazima, sasa hivi huyo mtoto anafunga tai.

Fundi Saa: Watu wa "namalizia" wafungwe. Mimi *Kufa na Kupona* ya Musiba ilirudi haina jalada, na ndani kuna hesabu za duka. Mchele, mafuta ya taa, deni la mtu. Willy Gamba anafukuzana na watu, pembeni imeandikwa kilo mbili za maharage.

Kaka wa Forodhani: Mimi yangu ilirudi na unyoya wa kuku katikati. Mtu aliweka alama.

Mtoa mada: Kwa hiyo mmeamua kunisahau kabisa. Sawa. Kikao kijacho siendi, na chupa ya chai ni yangu, naichukua.

Binti Chumbageni: Dada kumbe chupa ni yako! Hapo ndipo ungeanzia.

Mpenda Theluji: Fundi Saa, hiyo *Kufa na Kupona* isiyo na jalada bado unayo? Naihitaji hata hivyo ilivyo.

Fundi Saa: Ipo. Uko wapi?

Mpenda Theluji: Njombe.

Fundi Saa: Mimi Morogoro. Naipandisha basi la asubuhi, nauli ya kifurushi juu yako.

Mpenda Theluji: Juu yangu. Na hizo hesabu za duka usizifute.