Pampu ya sola bonde la mto Lukuledi: niunge na TANESCO au niache?

Mchicha_Nyangao: Wakuu salaam. Namwagilia mchicha kwa pampu ya sola, maji navuta mtoni. Sasa nguzo ya TANESCO imefika karibu na shamba langu. Fundi ananiambia niunge sola, mvua zikianza paneli zisikae bure, niwauzie umeme. Anataka milioni tatu na nusu. Nitoe, au ninunue guta la kubebea mchicha?

FundiJua_Mtwara: Paneli kilowati ngapi? Pampu ya AC, inayotumia umeme kama wa TANESCO, au DC, inayotumia umeme wa paneli moja kwa moja? Nyumbani unatumia uniti ngapi? Huwezi kuuliza bei ya kanzu bila kusema nani ataivaa.

Mchicha_Nyangao: Samahani mkuu. Kilowati 3, pampu DC. Nyumbani uniti kama 50 kwa mwezi.

FundiJua_Mtwara: Pampu ya DC na kontrola yake, kile kiboksi cha kuiongoza, hairudishi kitu kwenye gridi, yaani nyaya za TANESCO. Unahitaji inveta, mashine ya kugeuza umeme wa DC kuwa AC, inayokwenda sambamba na gridi, na mita inayohesabu kwenda na kurudi. Paneli zako zitatoa uniti 12 hivi kwa siku ya jua. Desemba mpaka Machi, mvua zikiwepo na pampu imelala, weka uniti 1,400, na hapo nimesamehe mawingu.

Korosho_Tandahimba: Uniti 1,400 mara shilingi 356 si karibu laki tano kwa mwaka! Miaka saba hela imerudi.

FundiJua_Mtwara: 356 ni ya anayezidi uniti 75 kwa mwezi. Huyu analipa 122 pamoja na kodi. Hata umeme wake ukifidia uniti zote 600 anazotumia nyumbani kwa mwaka, anaokoa elfu 73. Uniti zinazobaki, bei ya kuziuza ipo kwenye mkataba na TANESCO. Ameuona?

MamaBamia_Lindi: Mimi niliungwa, pampu yangu ni AC. Siku moja umeme ukakatika saa sita mchana, jua linachoma utosi, na pampu ikazima! Nampigia fundi, ananijibu ndivyo inveta ilivyotengenezwa, isipeleke moto kwenye waya wakati watu wako juu ya nguzo. Mbona hakusema alipokuwa anahesabu hela yangu? Siku tatu tulibeba ndoo mimi na wanangu, nyanya ndiyo kwanza zinaweka maua. Nusu ziliangusha.

FundiJua_Mtwara: Pole dada. Inveta ya haibridi, inayoweza kuendelea bila gridi, ingekuokoa.

MamaBamia_Lindi: Bei yake mbona huisemi?

Korosho_Tandahimba: India, kijiji cha Dhundi kule Gujarat, wakulima wanauza umeme wao tangu 2016.

FundiJua_Mtwara: Wale ni ushirika, wanauza kwa mita moja. Na walilipwa vizuri ili waache kunyonya maji ya ardhini ovyo. Mchicha anavuta ya mto.

Mtama_Kwetu: Paneli zenyewe umezifunga nati za kufuli? Huku walikuja usiku wakafungua nne.

Mchicha_Nyangao: Nina mbwa, ila anapenda dagaa kuliko kazi. Wakuu, fundi kapiga tena, anasema bei hiyo mwisho Ijumaa.

MamaBamia_Lindi: Fundi gani huyo? Mrefu, ana pikipiki nyekundu?