Gita la "Let It Be" la Baba si hili la kwenye simu. Nani amekosea?

Nyar Dunga:
Wadau, nisaidieni kabla Jumamosi haijafika. Baba anatimiza miaka 75 na tunamfanyia sherehe ndogo hapa Milimani, Kisumu. Kaka amechukua mambo ya samaki na hema, mimi nimeachiwa muziki. Kuna wimbo mmoja ambao ukikosekana ni kama hatukufanya kitu: "Let It Be" wa The Beatles. Ndio aliokuwa akimwekea Mama enzi za uchumba. Santuri yenyewe bado iko, ile ndogo ya wimbo mmoja kila upande. Ameandika jina lake juu ya lebo kwa kalamu ya wino. Bahati mbaya gramafoni ilikufa tukiwa bado shule ya msingi.

Jana nimeupakua nikamwekea. Piano ikaanza, akatabasamu, vidole vikawa vinagonga mkono wa kiti. Gita lilipoingia pale katikati, vidole vikasimama. "Huyu anayepiga ni nani?" Nikamwambia ni walewale. Akasema, "Hapana. Gita letu halikuwa linagombana na mtu."

Kaka anasema ni uzee, tusimsumbue. Je, kweli kuna matoleo mawili, ama Baba amesahau?

Kijana wa Nyalenda:
Sista, weka huo huo. Watu wakishaumaliza huo samaki nani atasikiliza gita?

Fundi wa Kakamega:
Pole dada. Gramafoni za zamani mkanda wake hulegea, santuri inazunguka polepole na sauti inashuka. Huenda masikio ya mzee yalizoea hivyo.

Dijei wa Free Area:
Fundi, mkanda ukilegea sauti zote zinashuka, hata ya mwimbaji. Mzee hakulalamikia mwimbaji wala piano, amelalamikia gita peke yake. Huyo hajasahau kitu.

Nyar Dunga, hebu tuambie, lebo ya hiyo santuri ina picha gani?

Nyar Dunga:
Tufaha la kijani. Ukigeuza upande wa pili ni tufaha hilohilo limekatwa nusu. Aliletewa na ami yake kutoka Uingereza.

Dijei wa Free Area:
Tufaha ni nembo ya lebo ya Beatles wenyewe, na kwa kuwa ni ndogo ya wimbo mmoja kila upande, basi hiyo ni singo, na wewe umepakua ya albamu. Msingi wa wimbo ni mmoja, ulirekodiwa London tarehe 31 Januari 1969. Aprili mwaka huo George Harrison, mpiga gita wao, akaongeza solo, yaani kile kipande cha gita pale katikati, na gita likapitishwa kwenye spika inayozunguka, zile zilizotengenezewa ogani. Ndiyo maana linasikika laini, linayumba kidogo kama liko chini ya maji. Januari 1970 akarudi studio akapiga solo nyingine, hii kali yenye makwaruzo.

Singo ilitoka Machi 1970 chini ya prodyuza wao George Martin, ikiwa na lile gita laini. Kanda za albamu akakabidhiwa prodyuza mwingine, Phil Spector. Yeye akachagua gita kali, okestra akaipandisha, na mwishoni sehemu ya kiitikio ikarudiwa mara moja zaidi. Albamu ikatoka Mei. Kwa hiyo wimbo wa Mzee wako ulitoka miezi miwili kabla huo wa kwenye simu yako haujauzwa dukani.

Tafuta mkusanyiko wao unaoitwa *1*, wa mwaka 2000, au *Past Masters*. Yote miwili ina toleo la singo. Usiguse *Let It Be... Naked* ya 2003, hiyo ina gita jingine tena na Mzee atakufukuza.

Mambo haya nilifundishwa na harusi moja Nakuru. Bwana harusi aliomba "Purple Rain" ya Prince, nikaweka ya singo bila kuangalia. Ya albamu inapita dakika nane, ile ni kama nusu yake. Wimbo uliisha maharusi wakiwa bado katikati ya uwanja, wameshikana, kimya, watu wanaangaliana. Sijawahi kukohoa kwenye maikrofoni kama siku hiyo.

Mzee wa Kondele:
Nyinyi mnahangaika na gita mbili. Sisi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili! Santuri ndogo kila upande ni dakika chache tu, na benga, muziki wetu wa gita, haijui dakika chache. Upande wa kwanza unapewa maneno, halafu gita zikianza kuchemka sauti inafifia. Unaruka kuigeuza, wachezaji wamesimama na jasho lao wanakutazama wewe. Utamu wote uko upande wa pili.

Siku hizi vijana wanaziunganisha pande mbili kwenye intaneti. Mimi nikifika pale katikati mkono bado unainuka wenyewe.

Binti, mpe baba yako wimbo wake. Hao wageni watakula tu.

Fundi wa Kakamega:
Nimekubali, Dijei. Lakini dada, hiyo gramafoni usiitupe. Mara nyingi ni mkanda na sindano tu. Na kama santuri ina vumbi, usiisugue na kitambaa cha jikoni.

Nyar Dunga:
Asanteni sana wadau. Nimeupata kwenye ule mkusanyiko wa *1*. Jioni hii nimeuweka nikiwa jikoni, sikumwambia kitu, nikachungulia tu mlangoni. Gita likaingia, likapita, vidole vikaendelea kugonga. Wimbo ulipoisha akaita, "Rudisha mwanzo, mama yako alikuwa nje."

Kaka sasa anataka Jumamosi tuweke matoleo yote mawili wageni wapige kura. Nimemwambia arudi kwa samaki wake.