Eti ushindi wa BeBe "hauhesabiki"! Huyu jamaa ana adabu kweli?

Wakuu, hata viatu sijavua, nimekimbilia hapa. Wa Minneapolis wote mnamjua, sina haja ya kumtaja: yule yule anayejua kila kitu, kuanzia bei ya mafuta mpaka nani amuoe nani. Leo kwenye mnuso, sahani ya pilau mkononi, kachumbari imenasa kwenye ndevu, katutangazia kwamba ushindi wa BeBe Zahara Benet wa 2009 HAUHESABIKI. Eti RuPaul's Drag Race, lile shindano la TV la Marekani la wanaume wanaotumbuiza wakiwa wamejipamba kike, ilikuwa bado changa, washindani tisa tu, picha ina ukungu kama imepigwa ndani ya jiko la kuni.

Hauhesabiki! Mtoto wa Kameruni, aliyeingia mle kama mwakilishi wa mji huu huu tunaoishi, ndiye wa kwanza kabisa kuvishwa lile taji. Wote waliokuja nyuma wamekuta njia imeshafyekwa. Dola 20,000 alizopewa zilikuwa makaratasi? Alipopambanishwa na mwenzake Ongina, ukapigwa wimbo wa Britney Spears wauigize kwa midomo, nani alibaki na nani alifungasha? Fainali na mshindani mwenzake Nina Flowers nani alishinda, mimi?

Nikamwambia 2018 BeBe alirudi All Stars 3, shindano la waliowahi kushiriki, miaka tisa baadaye, wenzake wana mavazi ya mamilioni, na bado akaingia nne bora. Akacheka! Punje ya wali ikaruka ikatua kwenye gauni langu. Halafu akarudia, akivuta kila silabi: "Hau-he-sa-bi-ki." Na watu wazima wakacheka naye. Nimeumia, jamani. Hauhesabiki!

kobe_wa_theluji: Mleta uzi punguza povu. Gauni limeshafuliwa?

bibi_kitenge: Huyo huyo msibani aliuliza kama kuna awamu ya pili ya nyama. Marehemu hata hajazikwa.

mzee_wa_kona: Dada, kwa All Stars 3 wa kuliliwa ni Shangela. 2010 katolewa wa kwanza, 2011 karudi, 2018 kaja tena kawaka moto mpaka mwisho. Halafu eti waliokwishatolewa ndio wapige kura nani aingie fainali! Wakawapitisha Kennedy Davenport na Trixie Mattel. Wizi wa mchana kweupe.

kobe_wa_theluji: Trixie alistahili kushinda zile dola 100,000. Kalale.

mzee_wa_kona: Umpe kura mshindani mwenzako aliyekutoa? Wale walilipa kisasi, basi.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa BeBe! Mtu mzima kasimama mbele za watu kasema HAUHESABIKI na nyinyi mnaleta Shangela?

pwani_hadi_bara: Kusema kweli 2009 mimi nilikuwa upande wa Nina Flowers.

Mleta uzi: Wewe ndiye yeye! Umejificha kwenye jina jipya! Futa kachumbari kwanza.

pwani_hadi_bara: Mimi niko Mombasa, dada. Sina hata koti.

mzee_wa_kona: Narudia: kura ya waliotolewa ifutwe.

bibi_kitenge: Tuacheni hayo. Ile pilau ya leo nani kapika? Chumvi hakuna, nyama unaitafuta kwa tochi.

kobe_wa_theluji: Na tulichangishwa dola 20 kila mtu.

bibi_kitenge: Ishirini?! Mimi nimetoa thelathini! Mweka hazina yuko wapi?